NUKA, NUKIA, NUSA: SOMO NILILOPEWA KATIKA DUKA LA MANUKATO

Mhariri aliniomba niandike makala ya sarufi juu ya mnyambuliko wa vitenzi, hasa kauli ya kutendea. Nilikaa na kalamu jioni mbili nzima nisiandike kitu. Kisha nikatambua kwamba kila nilichotaka kusema kuhusu kauli hiyo sikufunzwa darasani bali dukani, na aliyenifunza hakuwa mwalimu bali bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, auzaye manukato. Basi niruhusuni nianzie huko. Sarufi itatufuata nyuma.

Wanachama wanakumbuka kwamba wakati wa likizo ya Aprili chama chetu kilizuru Mombasa. Safari yenyewe siisimulii. Aliyekesha ndani ya basi magoti yakiwa kidevuni anaijua. Asubuhi tulitembezwa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, na ambayo mwaka wa 2011 iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia. Baada ya hapo mwalimu mlezi akatupa saa mbili tutembee, kwa sharti kwamba atakayechelewa angerudi bara kwa miguu. Wenzangu walikimbilia ufuoni. Mimi nilikuwa na shilingi mia tano ndani ya soksi na haja moja ambayo sikuwa nimemwambia mtu.

Nilifuata Ndia Kuu, kisha nikaingia vichochoroni, katikati ya nyumba zenye roshani za mbao na milango ya nakshi. Sikuhitaji kuuliza njia. Harufu ilinijia, nikaifuata kama mbwa wa msasi hadi kwenye duka dogo ambalo upana wake haukuzidi ule wa ubao wetu wa darasani. Ndani, rafu zilijaa chupa kutoka sakafuni hadi darini: nyingine ndogo kama kidole gumba, nyingine kubwa za kioo chenye nakshi. Katika kona palikuwa na chetezo cha udongo, makaa yakiwaka taratibu na moshi mwembamba ukipanda. Nyuma ya meza aliketi bibi mmoja aliyevaa buibui, miwani puani, akimimina mafuta kutoka chupa kubwa hadi ndogo bila kumwaga hata tone.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wataka nini?"

Kwa kutaka kumpendeza, nikavuta pumzi, nikatabasamu, nikasema kwa sauti kubwa, "Bibi, duka yako inanuka vizuri sana!"

Lahaula! Bibi aliiweka chupa chini. Msichana aliyekuwa akifunga vifurushi pembeni alijiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimcheka.

"Lanuka?" bibi akauliza. "Duka langu lanuka? Kwani kumekufa panya?"

Nilitahayari nikatamani ardhi inimeze. Nikajitetea kwamba nilikuwa namsifu. Akaniangalia juu ya miwani, kisha akavuta kibao akakiweka mbele yangu. "Kaa hapo. Watoka bara, sivyo? Kwanza tutengeneze ulimi, ndipo tutengeneze pua."

Naam, hapo ndipo somo lilipoanza.

"Kinukacho ni kibaya," alisema. "Maji ya mtaro yanuka. Soksi za watoto wa shule zanuka fee! Kinukiacho ni kizuri. Ua lanukia, biriani yanukia, mtoto aliyekogeshwa anukia. Nawe uvutapo kwa pua hivi, wanusa. Hujafunzwa haya shuleni?"

Nilikuwa nimefunzwa. Tatizo ni kwamba sisi wa bara tumezoea kusema "inanuka vizuri" na "inanuka vibaya", kana kwamba nuka ni mti mkavu ambao lazima uegemezwe neno jingine ndipo usimame. Kumbe lugha imeshatupa maneno mawili, kila moja likijitosheleza. (Lile kosa la pili, "duka yako" badala ya "duka lako", bibi alilisamehe. Mwalimu hakulisamehe nilipomsimulia kisa hiki.)

Sasa tuangalie sarufi. Mzizi ni nuk-. Ukiutia kiambishi -i- cha kauli ya kutendea, unapata nukia. Vitabuni tunaambiwa kwamba kauli hii huonyesha tendo likifanywa kwa ajili ya mtu, au kwa chombo, au mahali: mama anapika, mama anampikia mgeni, fundi anaandika, kalamu ya kuandikia. Ni kweli, lakini si kweli yote. Kuna vitenzi ambavyo kiambishi hicho kidogo huvigeuza kabisa, vikatazama upande wa pili. Ukihama kijiji, umekipa kisogo. Ukihamia kijiji, umekuja kukaa. Mtoto akimkimbia baba, anamwogopa. Akimkimbilia baba, anataka kukumbatiwa. Na kuna huyu wetu: kitu kikinuka unakikwepa, kikinukia unakisogelea. Kwa maoni yangu hivi si visa vya ajabu vilivyotawanyika ovyo. Ile -i- inaelekeza tendo kwa mtu au mahali fulani, na kinachoelekezwa kwako mara nyingi huwa ni cha kukufaa. Mwenye hoja bora zaidi na alete toleo lijalo.

Nusa naye ni ndugu wa tumbo moja na hao wawili. Zamani kauli ya kusababisha iliweza kuibadili konsonanti iliyo mwisho wa mzizi. Ndiyo maana tuna waka na washa, ruka na rusha, amka na amsha. Katika nuka, ile k ikawa s. Na manukato, neno zuri kama hilo, limetoka katika mzizi uleule wa mtaro na soksi.

Jambo jingine ambalo lilinichekesha nilipolifikiria: Kiswahili hakisemi kwamba pua inaona harufu wala inaionja. Tunasema tunasikia harufu. Pua zetu zina masikio!

Bibi alipoona ulimi umenyooka kidogo, akaanza kunionyesha bidhaa, na kila chupa ilikuja na neno lake. Marashi, alisema, asili yake ni kunyunyiza. Kweli, katika Kiarabu rashsha ni kunyunyiza, na chombo chenye shingo ndefu cha kuwanyunyizia wageni maji ya waridi harusini huitwa mrashi. Ukiwahi kusikia watu wakiita manyunyu ya mvua rasharasha, basi umekutana na jamaa yao. Uturi ni manukato pia, nalo ni neno la Kiarabu. Udi maana yake ya asili ni ubao au kijiti tu, na ndiyo maana jina hilohilo limepewa ile ala ya nyuzi ipigwayo katika taarabu. Mmoja unafukizwa, mwingine unapigwa, na yote miwili ni mbao.

Ubani nilidhani hutoka Uarabuni peke yake. Bibi akatikisa kichwa. Ni utomvu uliokauka wa miti ambayo wataalamu huiita Boswellia. Hugemwa Omani, Yemeni na Somalia, lakini hata hapa Kenya, kaskazini, upo. Wenzetu watokao Wajir, Marsabit na Isiolo wanaijua miti hiyo vizuri kuliko mimi, na inayotoa manemane pia. Tunakaa nao bweni moja na hatujawahi kuwauliza.

Kuhusu msandali bibi hakutaka kusema mengi. Alinionyesha vipande vichache vya kutengenezea liwa, akasema ni vya kutoka Bara Hindi. Mti wa jamii hiyo uitwao Osyris lanceolata humea kwetu pia, ila mafuta yake yamejaa zaidi mizizini na katika kiini cha shina. Kwa hiyo anayeutaka hakati tawi, huung'oa mti mzima. Serikali ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka wa 2007, na bado watu hukamatwa na malori.

Kisha akaninusisha langilangi, ua la manjano ambalo mafuta yake hutengenezwa kwa wingi Visiwa vya Komoro. Mafuta hayo hupelekwa hadi Ufaransa; yamo hata ndani ya Chanel No. 5, manukato maarufu yaliyoanza kuuzwa Paris mwaka wa 1921. Manukato ya aina hiyo, bibi alieleza, huchanganywa na alkoholi, ndiyo sababu hupuliziwa na hupaa upesi. Yake yeye ni mafuta matupu. Hayapuliziwi: tone moja kwenye kifundo cha mkono, jingine nyuma ya sikio, basi. Huuzwa kwa tola, kipimo kilichotoka Bara Hindi, ambacho ni karibu gramu 11.7, na wengi hununua robo tola tu.

Baada ya chupa tano sikusikia tena tofauti yoyote. "Nusa mkono wa shati lako," bibi akasema. "Pua yachoka kama mguu. Ipumzishe kwa harufu unayoijua." Nikafanya hivyo, na baada ya muda pua ikarudi. Pua, kwa kweli, huacha kusikia harufu iliyoizoea, na haihitaji siku nyingi. Dakika chache zinatosha.

Ndipo akatoa kichupa kidogo kilichofungwa kwa kitambaa. "Hii ni haludi, mafuta ya udi. Nusa."

Nilinusa, nikarudi nyuma nusura niangushe kibao. Jamani, kilikuwa ni zizi la ng'ombe! Zizi lenyewe, asubuhi, baada ya mvua. Nilijizuia kusema neno lolote maana sikutaka kurudia kosa langu. Bibi alicheka mpaka akavua miwani.

"Sema. Sasa waweza kusema."

"Inanuka, bibi."

"Hapo umenena! Leta mkono." Akanigusa kifundoni kwa kijiti cha kioo, tone dogo lisiloonekana. "Usiifute. Ngoja."

Tukangoja. Akanieleza udi unavyopatikana. Mti wake huitwa Aquilaria, nao humea India na nchi za kusini mashariki mwa Asia. Mti mzima wenye afya hauna kitu: mbao zake ni nyepesi, nyeupe, hazina harufu ya maana. Mpaka ujeruhiwe na kuingiwa na kuvu ndipo hutoa utomvu mweusi kujikinga, na huo utomvu ndio udi. Watu waliitafuta miti hiyo kwa pupa hata mwaka wa 2004 spishi zake zote zikatiwa katika orodha ya mkataba wa CITES wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Akanitajia pia zabadi, ambayo hutoka katika tezi za mnyama aitwaye fungo, karibu na mkia, na kwa muda mrefu imetoka zaidi Uhabeshi. Ikiwa nyingi hukimbizi watu nje, lakini ikizimuliwa sana huyafanya maua yanukie zaidi. Ambari nayo hutoka matumboni mwa nyangumi. Nilianza kujiuliza kama katika duka lile kuna kitu chochote ambacho hakikuanza kwa kunuka.

Nilipokumbuka mkono wangu, nusu saa ilikuwa imepita. Nikaunusa. Zizi lilikuwa limeondoka. Badala yake palikuwa na kitu kama asali na moshi wa kuni na kitabu cha zamani, vyote pamoja. Salaale! Tone lilikuwa lilelile, na mkono uleule.

"Haya," bibi akasema, "wamnunulia nani? Una mchumba?"

Hapo sikuweza kuficha tena. Nilimwambia ni ya mama yangu, na kwa nini. Nitawaambia nanyi pia, kwa sababu baadhi yenu mlikuwapo.

Mama yangu anauza omena huko kwetu ziwani. Huamka alfajiri kuwangojea wavuvi, huzianika juani, huzigeuzageuza kwa mikono, huzipima kwa gorogoro sokoni. Siku ya wageni ya muhula wa kwanza alikuja moja kwa moja kutoka sokoni kwa sababu gari lilimchelewesha. Alipokuwa akipita karibu na bweni, mmoja wetu akaziba pua akasema, "Leo hapa kunanuka omena." Wengine wakacheka. Aliyesema bado yupo shuleni na huenda anausoma ukurasa huu. Simtaji, kwa maana nami sikumjibu. Nilichofanya ni kumshika mama mkono na kumpeleka haraka nyuma ya jiko, mahali ambapo hapana mtu, tukaketi huko kwenye mawe mpaka kengele ilipolia. Mimi nyumbani sikuwahi kuisikia harufu ya omena hata siku moja. Niliisikia mara ya kwanza siku hiyo, kwa pua za wenzangu.

Bibi alisikiliza akiwa kimya. Nikamwomba aniuzie manukato makali kuliko yote aliyo nayo.

"Sikuuzii," akasema.

Nilidhani fedha zangu hazitoshi. Nikaivua soksi.

"Weka pesa zako. Yasikize haya. Hiyo yaitwa shombo, na wengine huiita vumba. Mume wangu alikuwa mvuvi, Mungu amrehemu. Miaka thelathini nalala na shombo. Ukiitia manukato juu, hupati manukato: wapata shombo na manukato, na hiyo ni balaa. Watu watageuka njia nzima. Shombo dawa yake ni ndimu. Akate ndimu, ajisugue mikono mpaka viwikoni, angoje kidogo, ndipo aoge kwa sabuni. Halafu, akitaka kujipaka, ajipake kwa sababu yapenda nafsi yake."

Niliporudi shuleni nilimuuliza mwalimu wa kemia. Alifurahi kuliko nilivyotarajia, akachukua chaki. Harufu ya samaki, alisema, kwa sehemu kubwa husababishwa na kemikali ziitwazo amini (msizichanganye na kitenzi kuamini), mojawapo ikiwa trimethilamini. Hizo ni alkali na hupaa hewani kwa urahisi, ndiyo maana pua huzipata mbali. Asidi ya ndimu ikikutana nazo huzigeuza kuwa chumvi, na chumvi haipai. Inabaki pale na kuoshwa na maji. Bibi yule huenda hajawahi kushika kitabu cha kemia, na alikuwa sahihi kila hatua.

Mwishowe aliniuzia. Robo tola ya halwaridi, mafuta ya waridi, kwa shilingi mia tatu, ingawa bei iliyobandikwa rafuni ilikuwa juu ya hapo. Akaniongezea kikuba bila malipo: asumini, majani ya mrihani na vipande vya mkadi vilivyofungwa pamoja. Nikamwambia nitakinyaukisha njiani. Akasema kikinyauka bado hunukia. Pesa zilizobaki nilinunua ndimu Marikiti, mfuko mzima, nikawahi basi huku nikitweta, dakika moja kabla mwalimu hajaanza kuita majina. Aliyeketi karibu nami aliniuliza njia nzima ni nini kinachonukia hivyo. Angalau alitumia kitenzi sahihi.

Nilimfikishia mama mzigo wake juma lililofuata. Kikuba kilikuwa kimekauka rangi ya chai. Nilimweleza habari ya ndimu nikitazama chini, nikijifanya ni jambo la kemia tu. Akajisugua mikono, akangoja, akanawa, akainusa. Kisha akafungua kichupa, akajigusa kifundoni kama nilivyomwonyesha, akakaa kimya muda mrefu mkono ukiwa puani. Halafu akauliza bei. Nilipomtajia akaguna, akataka kujua ni gorogoro ngapi za omena hizo.

Ndimu zilikwisha wiki ileile, akanunua nyingine mwenyewe. Kichupa amekiweka kabatini kando ya Biblia na hukigusa Jumapili tu. Siku ya wageni ya muhula huu amesema atakuja. Aliniuliza kama tutakaa tena kule nyuma ya jiko. Nimemjibu tutakaa mbele ya ofisi, chini ya mkuyu, wanapokaa wazazi wote.